Mzee karudishwa nyumbani kwa kikombe cha chai (kipimo cha mionzi cha moyo, tuliyoyaona)

KisauniMoja (mwenye uzi)

Salaam wakuu. Uzi mrefu huu, mwenye haraka apite tu. Nimeamua kuandika kwa sababu nilipokuwa natafuta habari za hiki kipimo kwa Kiswahili sikupata kitu, kila mahali ni kizungu cha kidaktari, na sisi tulilipia ujinga wetu kwa nauli.

Babangu ana miaka 68, sukari ya siku nyingi, presha, na magoti ndio hayo yamekwisha. Tangu mwaka jana akipanda ngazi za msikitini anasimama katikati kashika ukuta, ukimuuliza atakwambia gesi. Tukampeleka ECG (kipimo cha umeme wa moyo), safi. Eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), moyo unapiga vizuri. Daktari wa moyo hapa Mombasa akasema mwenye sukari anaweza kuwa na mshipa uliobanwa na asisikie maumivu kama watu wengine, kwa hiyo hiyo gesi haiamini, akatuandikia kipimo cha mionzi Nairobi cha kuangalia damu inavyofika kwenye nyama ya moyo. Mzee aliposikia neno nyuklia akasema yeye si mtu wa Hiroshima. Siku nne tunambembeleza, mpaka mama alipoingilia kati, na mama akiingilia huwa ni amri.

Sasa sikilizeni. Karani wa hospitali alipiga simu akasema asile kitu kuanzia usiku na asinywe kahawa. Basi. Mzee ni mtu wa kahawa chungu barazani, akaiacha siku mbili nzima, kichwa kinamgonga kama ngoma ya harusi lakini kavumilia. Tukapanda treni ya SGR, tukalala kwa binamu yangu Eastleigh. Alfajiri baada ya kuswali, mke wa binamu kwa adabu zake za kumkirimu mgeni kamletea mkwewe chai ya rangi, kikombe kimoja, bila sukari, bila kitafunio. Mzee akasema hii si kahawa na wala si chakula, akainywa. Na mimi nimekaa pale pale namtazama.

Tukafika hospitali, nesi ana karatasi yake anauliza anaweka alama, una pumu, una mzio, unatumia dawa gani, ndani ya saa 24 umekunywa kahawa, soda ya kola, chai... Mzee na ukweli wake: kikombe kimoja tu mwanangu. Nesi akaweka kalamu chini taratibu. "Baba, leo haitawezekana."

Kikombe kimoja! Tumerudi Mombasa na nafasi ya wiki iliyofuata. Hospitali siitaji, lakini huyo karani Mungu anamwona. Nitaendelea, nimeitwa dukani.

Bint Pangani

Poleni sana jamani. Ila sijaelewa, chai na picha vinaingilianaje? Si ni kama eksirei tu unalala unapigwa?

Tabibu wa Kijiweni

Bint Pangani sio eksirei. Eksirei mionzi inatoka kwenye mashine inakupita. Hapa mgonjwa anachomwa dawa yenye mionzi kidogo, inasafiri na damu inaingia kwenye nyama ya moyo, halafu kamera inasoma mionzi inayotoka mwilini mwake. Mashine yenyewe haitoi mionzi (labda ikiwa imeunganishwa na CT), inapokea tu.

Na picha huwa ni mbili, moyo ukiwa umepumzika na moyo ukiwa kazini. Mwenye magoti mazima anapandishwa tredmili, mkanda unaongezwa kasi na mwinuko kila dakika 3, anatafutwa afike walau asilimia 85 ya mapigo yake ya juu. Hesabu ya haraka ni 220 toa umri, kwa hiyo mzee wa miaka 68 ni 152, asilimia 85 yake ni kama 129. Asiyeweza kutembea anapewa dawa ya kufungua mishipa ya moyo, adenosini au dipiridamoli au regadenosoni. Mzee wa KisauniMoja na hayo magoti bila shaka alikuwa wa dawa.

Sasa chai. Kafeni iliyomo kwenye chai na kahawa inakaa kwenye vitasa vile vile ambavyo adenosini inatakiwa kuingiza ufunguo wake. Imeshakaa pale, dawa inagonga mlango hafunguliwi mtu. Mishipa haitanuki vya kutosha, picha ya pili inatoka sawa na ya kwanza, daktari anaandika moyo mzima, kumbe hakuna kilichopimwa. Nesi aliyemrudisha alimfanyia wema, angeweza kunyamaza akaendelea. Wengine wanataka saa 12 bila kafeni, wengine 24, fuata uliloambiwa na kituo chako.

Na kafeni haiko kwenye kahawa na chai peke yake. Chokoleti. Vinywaji vya kuongeza nguvu. Kahawa ile inayosemwa imetolewa kafeni nayo huwa imebaki kidogo. Na mtego mkubwa kwa watu wetu: Panadol Extra. Kichwa kinamuuma mtu kwa kuacha kahawa, anameza mbili za Panadol Extra, amerudisha kafeni mwilini bila kujua.

KisauniMoja

Tabibu umenimaliza. Ile siku ya pili bila kahawa tulimpa hizo hizo. Kwa hiyo hata bila chai tulikuwa tumeshakwama 😅

Mwana wa Mfereji

Mimi sio daktari, ni mkulima wa ndizi huku Machame, ila mama yangu alipimwa na daktari akamweleza hivi nikaelewa papo hapo. Anjiogramu (picha ya mishipa yenyewe ya moyo) ni kukagua mfereji, huku umejaa tope, huku uko wazi. Hiki kipimo ni kwenda shambani kuangalia migomba ipi imepata maji. Masika hata mfereji wenye tope migomba yote inapendeza, huwezi kujua nani ana shida. Njoo kiangazi kila mtu anataka maji, ndipo ule mstari wa mwisho unanyauka. Hiyo dawa au kukimbia ndio kiangazi chenyewe.

Tabibu wa Kijiweni

Mwana wa Mfereji ningekuwa na uwezo ningekupa cheti. Ndivyo hasa. Mshipa unaweza kuwa umebanwa hata asilimia 70 na mtu akiwa amekaa damu inamfika kama kawaida, upungufu unaonekana moyo unapodai zaidi. Na ndio maana picha mbili. Sehemu iliyofifia kwenye kazi lakini kwenye mapumziko imejaa, hiyo nyama iko hai, ina njaa ya damu. Sehemu iliyofifia kote kote mara nyingi ni kovu, mgomba ulishakufa, mtu alipata shambulio siku nyingi labda hata hakujua.

Stima Ghali

Kwa hiyo mzee sahii anawaka usiku? Mumweke sebuleni tupunguze bili 😂😂

Mpiga Picha wa Zamu

Stima Ghali hawaki, ila hilo swali tunaulizwa kila wiki na watu wazima kabisa wenye suti. Mimi ndiyo kazi yangu, mpiga picha idara ya nyuklia, nchi siitaji.

Kinachotumika zaidi kinaitwa teknetiamu 99m, kinafungwa kwenye dawa kama sestamibi ambayo ikifika kwenye seli za moyo zilizo hai inanasa humo. Nguvu yake inapungua nusu kila saa 6. Chukua kalamu: saa 6 nusu, saa 12 robo, saa 24 moja ya kumi na sita, na hapo hujahesabu iliyotoka kwenye mkojo. Kesho yake kutwa imebaki ya kusingizia. Kwa picha zote mbili mgonjwa anapata kama milisivati (kizio cha kupimia mionzi) 10 hivi, na binadamu wa kawaida duniani anapata wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka kutoka kwenye udongo, hewa, anga na chakula. Kwa hiyo ni kama miaka minne ya kuishi tu. Sio sifuri, ndio maana hatumpimi mtu kwa kujifurahisha, ila na Hiroshima tuiache ilipo.

Mama mjamzito au anayenyonyesha aseme MAPEMA, kabla ya sindano sio baada.

Na niwaambie kitu watu hawakijui, kwa nini wakati mwingine unapigiwa simu kwamba miadi imeahirishwa. Teknetiamu haikai stoo. Tunaletewa mtungi mzito umezungushiwa madini ya risasi, ndani kuna molibdenamu 99 ambayo ndiyo mama yake, kila asubuhi tunapitisha maji ya chumvi tunatoa teknetiamu iliyozaliwa usiku. Kazini tunasema tunakamua, na mtungi ndio ng'ombe. Sasa ng'ombe mwenyewe anazeeka haraka, nguvu yake inapungua nusu kila saa 66, baada ya wiki imebaki chini ya moja ya tano. Ndiyo maana mwanzoni mwa mzigo mpya tunajaza wagonjwa na mwishoni tunabana. Hiyo molibdenamu inapikwa kwenye vinu vya nyuklia vichache sana duniani, kimoja kiko Pelindaba, Afrika Kusini. Ndege ikichelewa siku mbili, kama asilimia 40 ya mzigo imeyeyuka hewani kabla hatujaugusa, na mzigo huu huwezi kuufungia kwenye friji ukasubiri. Mwaka 2009 kinu cha Chalk River kule Kanada kilisimama zaidi ya mwaka, na katikati yake cha Petten Uholanzi nacho kikafungwa kwa matengenezo, hospitali kubwa kubwa za Ulaya na Marekani zikawa zinapanga foleni ya wagonjwa kama sisi.

Kwa hiyo mgonjwa asipotokea, au akatokea amekunywa chai 🙂, dozi yake tuliyoandaa asubuhi jioni haifai tena.

KisauniMoja

Naendelea. Mpiga Picha hapo mwisho umenichoma, sikujua.

Safari ya pili. Chai hakuna, kola hakuna, Panadol ya kawaida tu, mke wa binamu kaficha hata majani. Mzee kaingizwa kanula mkononi. Akaja kijana amebeba kijikasha kizito, mkono umevutwa chini kama kabeba jiwe la kusagia, anamwambia nesi "nimeleta sindano, iko ndani ya risasi." Mzee akageuka kuniangalia. "Risasi?" Nikamwambia baba sio risasi ya bunduki, ni madini. Akasema na ile ya bunduki nayo ni madini. Chumba kizima kikacheka, yule kijana ikabidi afungue amuonyeshe, sindano ya kawaida imevishwa koti la chuma, ndani maji meupe hata nusu kijiko hayafiki. Mzee akauliza ni hii tu? Nadhani alitegemea kitu cha kijani kinachotoka moshi.

Hiyo ya kwanza ni ya mapumziko, dozi ndogo. Tukangoja kama saa nzima. Halafu kitandani, mikono juu ya kichwa, vichwa viwili vya kamera vinamzunguka kifua polepole, vinasimama, vinasogea, vinasimama. Dakika kama ishirini hivi. Kilichomtesa sio mionzi, ni bega. Mwenye mzee wa mabega mabovu aseme mapema wamwekee mto.

Kisha chumba kingine, waya za ECG kifuani, dawa kwenye pampu dakika 6. Daktari kasimama kichwani pake. Dakika ya kwanza hakuna kitu. Ya pili mzee akasema uso unamwaka moto, kifua kizito kama kuna mtu kamkalia. Mimi nje ya kioo nasoma kila dua ninayoijua. Katikati ya pampu wakamchoma ile dozi ya pili, kubwa mara tatu ya kwanza. Pampu ilipozimwa, wallahi sikumaliza kuhesabu dakika mbili, mzee kakaa anauliza chakula.

Na akapewa! Maziwa na mayai. Nikashangaa, mtu wa moyo mnampa mayai? Nesi akasema dawa inaingia pia kwenye ini na nyongo, viko jirani na moyo vinang'aa vinaharibu picha, mafuta yanaifanya nyongo ijikamue.

Picha ya pili ilipoisha wakamwambia asiondoke, alale tena, safari hii kwa TUMBO. Hapo ndipo nilipokufa. Nikajua wameona kitu kibaya. Hakuna aliyetuambia kwa nini.

Mpiga Picha wa Zamu

Walikosea kutowaambia, neno moja lingetosha. Wanaume, hasa wenye kitambi, kile kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo kinapanda kinaweka kivuli kwenye ukuta wa chini wa moyo, inaonekana kama damu haifiki. Ukimlaza kwa tumbo vitu vinasogea. Kivuli kikiondoka kilikuwa cha kiwambo. Kikibaki, tunaanza kuongea mengine.

Shangazi wa Kigamboni

Na sisi wanawake kivuli chetu ni titi. Mimi niliambiwa ukuta wa mbele wa moyo una upungufu, nikalia wiki nzima, nikaandika na wosia nani achukue vitenge, nikapelekwa anjiogramu ya kuingiza mrija mkononi, mishipa safi kama ya mtoto. Kumbe mimi ni mnene juu na picha ilisomwa haraka. Hospitali siitaji. Nasema tu kwamba jibu la hiki kipimo linataka msomaji mwenye macho na mwenye kujua aliyepigwa ana umbo gani, msikabidhi maisha yenu kwa karatasi.

Tabibu wa Kijiweni

Shangazi umesema kweli, na kuna upande wa pili pia. Kipimo kinalinganisha sehemu moja ya moyo na nyingine. Mishipa yote mitatu ikibanwa kwa kiasi kimoja, moyo mzima una njaa sawa sawa, hakuna sehemu ya kulinganisha nayo, picha inaweza kutoka nzuri. Ndiyo maana wanaangalia na ECG wakati wa dawa, na kama moyo umetanuka baada ya kazi.

Mswahili wa Kanada

Huku mimi nilipigwa ya PET, kamera ya aina nyingine, kwa dawa ya mionzi inayoitwa rubidiamu. Hiyo rubidiamu inapungua nusu kila sekunde 75 hivi, hakuna hadithi ya kungoja saa nzima, unalala mara moja, ya mapumziko, dawa, ya kazi, umemaliza unavaa viatu. Tena hii inapima damu kwa mililita kwa dakika kwa kila gramu ya nyama, kwa hiyo ule mtego wa mishipa mitatu aliousema Tabibu inaukamata vizuri zaidi. Ila tredmili hamna, ukimaliza kukimbia rubidiamu imeshakwisha. Kafeni imekatazwa vile vile, hapo hakuna ujanja.

Mama Nassor

Naomba kuuliza mume wangu ana pumu na wameshamwandikia hicho kipimo cha dawa, halafu ana tiketi ya umra siku tatu baada ya kipimo, je kuna shida? Na je aliyeko Dar anafanyia wapi maana sisi tuko Mbagala

Tabibu wa Kijiweni

Mama Nassor pumu LAZIMA waijue kabla. Adenosini na dipiridamoli zinaweza kubana kifua cha mwenye pumu vibaya, kuna njia nyingine, dobutamini kwa mfano, inaharakisha mapigo ya moyo. Na asiache dawa yoyote kwa kusoma humu, za presha zile za kupunguza mapigo huwa zinasimamishwa kwa baadhi ya wagonjwa na kwa wengine haziguswi, daktari wake ndiye mwenye neno. Za sukari pia, maana anafunga kula, asije akajichoma insulini kamili na tumbo tupu.

Dar idara ya tiba ya nyuklia ipo Ocean Road, na mambo ya moyo ni Taasisi ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, aanze kwa daktari wake wa moyo amwelekeze. Nairobi, Kenyatta na Aga Khan wana idara za nyuklia.

Mpiga Picha wa Zamu

Kuhusu umra: baada ya siku tatu teknetiamu iliyobaki ni ya kusingizia, asiwe na wasiwasi. Ila angesafiri kesho yake, mitambo ya uwanja wa ndege ingeweza kupiga kelele, ile ya kunusa mionzi ni mikali mno. Aombe barua hospitali, tunaandika bure. Kama dawa ni thaliamu 201 hiyo ni habari nyingine, inapungua nusu kwa siku 3 hivi, barua ni muhimu zaidi.

Stima Ghali

Mwenye uzi, majibu basi, umetuacha mzee kalala kwa tumbo

KisauniMoja

😂 Samahani, leo duka lilijaa.

Siku ile ile jioni tukarudi Eastleigh, mzee kaambiwa anywe maji mengi, msalani akae chini na avute maji mara mbili, na mjukuu asimpakate mpaka kesho. Huyo mjukuu ana miaka miwili hajui mambo ya teknetiamu, kalia mlangoni mpaka kalala.

Majibu: ukuta wa chini, kile kivuli kiliondoka alipolala kwa tumbo, kiwambo kama alivyosema Mpiga Picha. Lakini ukuta wa pembeni kuna sehemu inafifia kwenye dawa na kujaa kwenye mapumziko. Si kubwa. Kovu hakuna. Kwa hiyo zile ngazi za msikiti hazikuwa gesi.

Mimi nikajua ni stenti (kile kijibomba cha kuushikilia mshipa wazi) moja kwa moja, nishaanza kuhesabu nani atauza nini. Daktari akasema kwanza dawa, ya kolesteroli, aspirini, ya kutuliza mapigo, na sukari ishuke, tutazame miezi mitatu. Nikaona kama anatuokolea pesa tu. Tabibu hii ni sawa?

Tabibu wa Kijiweni

Ni sawa kwa mtu wa aina yake. Kuna utafiti mkubwa unaitwa ISCHEMIA, majibu yalichapishwa 2020, wagonjwa 5,179 wenye upungufu wa wastani au mkubwa lakini wametulia, nusu wakapelekwa haraka kwenye mrija na stenti au upasuaji, nusu wakaanza na dawa. Vifo na mashambulio ya moyo havikutofautiana vya maana. Stenti iliwasaidia zaidi wale wenye maumivu ya mara kwa mara kuishi bila maumivu. Ila wenye mshipa mkuu wa kushoto uliobanwa hawakuwemo humo, wala wenye shambulio jipya, hao ni mambo mengine. Maumivu yakimjia amekaa tu, au yakadumu zaidi ya dakika chache, msimpe maji ya moto ya gesi, mkimbizeni hospitali.

KisauniMoja

Shukran sana. Ngazi sasa anapanda, anasimama mara moja badala ya mara tatu. Barazani wanamwita Mzee Risasi na yeye anafurahia, kila mgeni lazima ahadithiwe alivyochomwa risasi Nairobi na akala mayai.

Bint Pangani

Mamangu mkubwa kapangiwa Jumatatu ya wiki ijayo. Swali la mwisho, tangawizi? Hakai bila kitu cha moto.

Mpiga Picha wa Zamu

Tangawizi tupu siku moja kabla sawa. Asubuhi ya kipimo maji tu. Na aichemshe mwenyewe, asimwachie mtu jikoni, kuna watu hawajui kuchemsha tangawizi bila kutia majani.